Ulimi wa Mama Upawa

Kinyozi hajinyoi, na mganga hajigangi. Methali hii watu huitoa kwa kicheko, wakimwona seremala amekalia kiti kibovu au fundi cherehani amevaa shati lenye kifungo kimoja. Lakini maana yake ni nzito kuliko kicheko hicho. Inatufunza kwamba ujuzi wa mtu, uwe mkubwa namna gani, una mahali unapogota, na mara nyingi mahali hapo ni mwilini mwake mwenyewe. Akifika hapo hana budi kunyoosha mikono apokee kutoka kwa wenzake. Kulikuwa na mama mmoja mpishi ambaye hakuikubali methali hii. Alibishana nayo tangu mwanzo wa ugonjwa wake, na ubishi huo ulikaribia kumgharimu uhai.

Mama huyo alikuwa mkuu wa jikoni katika kantini ya kiwanda cha viatu. Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na karani wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, walimwita Mama Upawa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta jikoni bila upawa mkononi, na mvivu aliyejisogeza karibu naye aliujua uzito wake. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye jengo la pili na utani wa kuvunja mbavu. Wasaidizi wake saba walimwogopa asubuhi, wakampenda mchana, na jioni walimsindikiza hadi getini kama binti anavyomsindikiza mama yake.

Jiko lake lilistahili kutazamwa. Sufuria zilipangwa kwa ukubwa wake, mwiko kila mmoja na msumari wake ukutani, na sakafu ilikuwa safi kiasi kwamba tone la mchuzi likidondoka lilionekana kama doa kwenye kanzu nyeupe. Kengele ya mchana ilipolia, mafundi walimiminika kutoka mashineni, vidole vyao vikinuka gundi na ngozi, wakajipanga mbele ya dirisha la kupakulia. Walikula wali, maharage, mboga za majani, na mara kwa mara samaki wa mchuzi. Sahani iliyorudi na chakula ilikuwa kosa mbele ya Mama Upawa, na kosa lilitafutiwa mwenyewe.

Jikoni humo kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, wala hapakuwa na haja ya kuiandika. Hakuna sufuria iliyotoka kabla Mama Upawa hajaionja. Alichovya ncha ya mwiko, akadondosha mchuzi kiganjani, akaulamba huku amefumba macho. Wasaidizi walisimama kimya, aliyekuwa akiosha vyombo akafunga bomba. Kisha hukumu ilitoka kwa neno moja: "Chumvi," au "Bado," au lile lililopendwa na wote, "Pakua!" Yeye mwenyewe alikula baada ya wote, akiwa amesimama, ukoko na mchuzi uliobaki chini. Alisema mpishi anayekula kabla ya watu wake ni mwizi mwenye aproni.

Siku alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, hakuuficha wala hakuusingizia jipu. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ni saratani ya matiti. Madaktari walipanga kumtundikia kwanza dawa kali za saratani, zile ambazo wagonjwa wenyewe huziita kemo, ili uvimbe unywee, kisha wamfanyie upasuaji. Aliporudi jikoni kuwaeleza wasaidizi wake, walianza kulia mmoja baada ya mwingine.

"Mnalilia nini?" aliwafokea. "Vitunguu vyenyewe hamjavimenya!"

Wakacheka huku machozi yakiwatiririka, na siku hiyo mafundi walikula kwa wakati kama kawaida. Huyo ndiye alikuwa Mama Upawa, na ni haki yake kusifiwa kwa ushujaa huo kabla hatujayasimulia makosa yake.

Dawa ya kwanza ilipita. Alitapika, akalala, akaamka, akajikaza kisabuni na kurudi kazini siku alizopata nguvu. Nywele zilipodondoka alifunga kitambaa chekundu, akasema sasa hakuna wa kumsingizia unywele kwenye mchuzi. Ilipokuja dawa ya pili, kitu kingine kilimtoka ambacho hakukitangaza. Ulimi wake uliharibika. Kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya chuma, kama amelamba msumari. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, aliyoipenda kuliko manukato yoyote, sasa ilimpindua tumbo. Mpishi asiye na ulimi ni nani? Aliogopa swali hilo kuliko alivyoiogopa saratani yenyewe, kwa hiyo akakaa nalo kimya.

Akaanza kupiga chenga. Mumewe, fundi saa mstaafu mwenye maneno machache na macho makali, alipomwekea chakula alijibu, "Nimekula kazini, baba watoto." Jikoni alipokaribishwa aliwaambia, "Nimekula nyumbani, wanangu." Hivyo nyumbani walijua anakula kazini, na kazini walijua anakula nyumbani, naye hakuwa akila popote. Gauni zikamlegea mabegani. Mumewe alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa mkewe.

Jumapili moja wifi yake, dada wa mumewe, alifika kumjulia hali. Alisimama mlangoni akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Salaale! Wifi, nilikuacha sufuria, nakukuta mwiko!"

"Ingia, huo mwiko utakukoroga," alijibu Mama Upawa, na wote wawili wakacheka, lakini wifi alipoketi alikuwa na machozi machoni. Akafungua mkoba wake akatoa chupa yenye vidonge laini vya rangi ya dhahabu.

"Mafuta ya samaki haya. Nimesoma kwenye simu, watu wenye akili zao wameyaandika. Yanawasaidia wenye maradhi kama yako."

"Yanasaidia nini?"

"Yanasaidia, wifi! Na mimi nikuulize, samaki ulishawahi kumwona anaumwa? Wewe meza tu."

Mtu mwingine angemeza kimoja akaendelea na maisha. Lakini Mama Upawa alikuwa mpishi, akafikiri kama mpishi. Tangu ujana wake alikuwa akiwaonyesha wasaidizi mafuta yanayoelea juu ya mchuzi wa samaki, akiwaambia kwamba uzuri wote wa samaki umepanda hapo. Basi akakata shauri kichwani mwake: ikiwa amemeza mafuta, amekwisha mla samaki mzima, tena bila kumnusa na bila kumtafuna. Asubuhi akameza vidonge badala ya chai na mayai. Mchana akameza vingine badala ya wali. Usiku akaagana na siku kwa vidonge tena, akijiona ameukomesha ugonjwa. Hakumwambia daktari, kwa kuwa aliona hiki ni chakula, na mambo ya chakula yeye ndiye daktari.

Hakuishia hapo. Siku moja alivitoboa vidonge kwa sindano, akakamulia mafuta yake kwenye uji na kuuchemsha, apate kile alichokiita mchanganyiko kamili. Mafuta ya samaki hayataki moto. Nyumba nzima ilivunda, mumewe akafungua madirisha yote, na paka wa jirani akahamia mlangoni kwao hadi jioni.

"Mama watoto," mumewe alisema huku ameziba pua, "huu ni uji au ni mtego?"

"Ni dawa."

"Basi paka naye anaumwa."

Mama Upawa hakucheka. Alijitahidi kuunywa, akashindwa, akarudi kwenye vidonge vyake. Tumbo likaanza kumharisha, na kila alipocheua alisikia harufu ya samaki puani. Hata hivyo moyoni alikuwa na hakika kwamba anajitibu vizuri kuliko wanavyomtibu wao.

Siku ya dawa ya tatu alipanda kwenye mizani ya kliniki kwa kujiamini. Muuguzi akatazama, akamshusha, akampandisha tena. Daktari alipoona kile kilichoandikwa, aliweka kalamu chini.

"Mama, leo sitakupa dawa. Umepungua mno na mwili hauna nguvu ya kuipokea. Tutakungoja kidogo, lakini sikia vizuri: ukirudi umepungua tena, itabidi tupunguze dawa au tuisimamishe. Na uvimbe hautangoja kama sisi."

Maneno hayo yalimwingia kama maji ya barafu. Alitoka humo ameshika ukuta, akapelekwa chumba cha jirani kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nieleze, mama. Kwa siku unakula nini?"

Hapo Mama Upawa akapata uhai. Akakaa sawasawa kitini. "Mimi? Asubuhi napika mayai, nayageuza kabla hayajakauka, yabaki laini. Maharage nayaloweka tangu jana yake, naunga na nyanya zilizoiva. Samaki namkaanga kwanza upande wa ngozi, halafu namwingiza kwenye mchuzi mwishoni, asivunjike. Mboga za majani sizifuniki, zisipoteze rangi."

Binti alisikiliza hadi mwisho, hakumkatiza. Kisha akasema kwa upole, "Mama, hata mimi nimeshaona njaa. Lakini nimekuuliza unakula nini, nawe umenieleza unapika nini."

Mama Upawa akashusha macho. Alitazama mikono yake, ile iliyolisha kiwanda kizima, akaona jinsi pete ya ndoa ilivyomlegea hadi akaifunga uzi isidondoke. Chozi likamtoka, la kwanza tangu aambiwe ana saratani. Akaeleza yote: ulimi wa chuma, vitunguu vinavyompindua tumbo, na vidonge vya wifi.

Binti akaitazama ile chupa. "Haya si sumu, mama, na wifi yako hajakosea kukupenda. Watafiti wanayachunguza kweli, kuona kama yanaweza kuwasaidia wagonjwa wa saratani ya matiti, pengine kulinda uzito au kupunguza maumivu ya viungo. Wengine wanaona faida kidogo, wengine hawaioni, na bado hawajaafikiana. Lakini hakuna hata mmoja anayesema yanaponya saratani, wala kwamba yanachukua nafasi ya chakula. Kijiko cha mafuta hakijengi msuli. Tena wewe unaelekea kwenye upasuaji, na yakizidi yanaweza kufanya damu ichelewe kuganda. Daktari lazima ajue kila unachomeza."

"Sasa nifanyeje, na chakula hakipiti?"

"Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Samaki mwenyewe, mayai, maharage, maziwa, karanga. Kiwe kimepoa, harufu ipungue. Kamulia limau kama kinywa hakina vidonda. Tumia kijiko cha mbao, hicho cha chuma kinaongeza ile ladha. Na kubwa kuliko yote, mama," binti akasita, kana kwamba alijua anachokigusa, "usipike wewe. Harufu za jikoni zinakumaliza hamu kabla hujakaa mezani. Mtu mwingine akupikie."

"Mtu mwingine?" Mama Upawa alifuta machozi, na kiburi chake chote kikarudi usoni. "Nani?"

Swali hilo alirudi nalo nyumbani. Daktari alikuwa amesema vidonge viwekwe kando hadi upasuaji upite, naye alivifungia kabatini bila ubishi. Lakini kupikiwa! Mumewe alijitolea siku hiyohiyo. Mikono iliyoweza kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ilishindwa na yai. Likaungua chini, juu likabaki maji. Mama Upawa alilitazama, akamtazama mzee wake aliyesimama na kijiko cha mbao jasho likimtoka, akamhurumia.

"Baba watoto, saa hii umeivunja," alisema. Wakacheka, lakini yai halikuliwa, na tarehe ya kliniki ilikuwa inakuja.

Siku mbili baadaye alijihisi ana nguvu kidogo, akaenda kazini. Wasaidizi walimwekea kiti karibu na mlango penye hewa. Pembeni yake alisimama Kidoti, msaidizi wake mkuu, mwanamke mwenye alama nyeusi shavuni na miaka mingi jikoni humo. Aliletewa sufuria ya maharage. Akachovya, akadondosha kiganjani, akalamba. Chuma tupu. Hakutaka kuonyesha, akasema kwa sauti ya kila siku, "Chumvi."

Kidoti akatia chumvi.

"Bado. Chumvi."

Kidoti akatia tena, uso wake umetulia.

"Pakua!"

Kengele ikalia, mafundi wakajipanga, vijiko vikaanza kugonga sahani. Msimamizi wa idara ya gundi, mlaji hodari, alichungulia dirishani. "Mama Upawa! Ugonjwa umeshindwa na mkono wako! Maharage haya wiki hizi yamekuwa matamu kuliko zamani!" Mama Upawa akapunga mkono kama malkia. Sifa za namna hiyo alikuwa akizipata tangu augue, na kila jioni alitembea nazo kichwa juu hadi nyumbani. Zilikuwa ndizo chakula chake pekee.

Akataka maji ya kunywa, na kwa kuwa wote walikuwa dirishani, akainuka kuyafuata mwenyewe. Karibu na sinki aliikuta sufuria ya maharage, imefunikwa, imejaa pomoni. Ilikuwa ileile aliyoionja. Akageuka taratibu. Kule dirishani Kidoti alikuwa akipakua kutoka sufuria nyingine, kubwa zaidi, ambayo Mama Upawa hakuwahi kuiona siku hiyo.

Alingoja mafundi wote wapate. Kisha akauliza, si kwa kelele, na hapo ndipo wasaidizi walipotetemeka, "Hii mbona haijaguswa?"

Aliyeshika fagio aliendelea kufagia mahali palepale. Mwishowe Kidoti akasogea mbele.

"Mama, hiyo ni yako ya kuonja. Ile kubwa ni ya watu."

"Tangu lini?"

"Tangu dawa ya pili. Siku ile ulisema chumvi mara nne, ukawahi kwenda nyumbani, nyuma yako sahani zikarudi zote zimejaa. Tukawaambia mafundi ni kosa letu."

"Kwa hiyo mmenifanya sanamu! Nakaa hapa nalamba kiganja kama mjinga, nyinyi mnacheka!"

"Hakuna aliyecheka, Mama." Kidoti alisogea hatua moja zaidi. "Ulitufundisha sufuria haitoki bila wewe. Hatukutaka kuivunja sheria yako. Na ulitufundisha mtu aliyefanya kazi asilishwe chakula kibaya. Tungefanyaje? Tukapika mbili. Ulimi wako unaumwa, Mama. Kuumwa si aibu."

Mama Upawa alisimama hapo, na aibu ilimchoma kweli. Sifa zote zile hazikuwa zake. Alikuwa amekula jasho la watu wengine na kushiba. Alichukua upawa, akaiendea ile sufuria kubwa, akachungulia. Maharage yalikuwa mazima, yamelainika bila kupasuka, mchuzi wake mzito, nyanya zimeyeyuka zikabaki rangi tu.

"Hii chumvi aliyetia nani?"

"Mimi."

"Ulijuaje kiasi?"

"Sikutia mwanzoni, yasije yakagoma kuiva. Yalipolainika nikatia nusu, nikaacha ichemke. Nikadondosha kiganjani, nikafumba macho. Halafu nikamalizia." Kidoti akaongeza kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimeshakunywa chai. Ulisema anayeonja na njaa atadanganywa na tumbo."

Mama Upawa aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mwingine, neno kwa neno. Wasaidizi walingoja upawa upande. Badala yake waliona mabega yake yakinyooka. Alimtazama Kidoti, akawatazama wengine, jiko lililosimama imara wiki zote hizo bila ulimi wake, mafundi waliokula wakashiba wakamsifu kwa kazi ya mikono hii. Furaha ilimjaa kifuani. Alikuwa amejiona mpishi asiye na kitu, kumbe alikuwa na ndimi saba, zote nzima, zote alizifundisha yeye!

Alivua aproni, akaitundika, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wasaidizi wakadhani ameacha kazi. Kisha wakamwona upande wa pili, ndani ya ukumbi, amesimama mbele ya dirisha la kupakulia kama fundi yeyote wa kiwanda. Tangu dirisha hilo lijengwe hakuwahi kusimama upande huo.

"Karibu, Mama," Kidoti alisema, midomo ikimcheza. "Nikupe nini?"

"Mbona unaniuliza? Mimi leo si mpishi, ni mgonjwa."

"Basi mgonjwa haulizwi uji. Nenda ukae."

Msimamizi wa gundi akampisha meza ya dirishani. Kidoti alikuja mwenyewe na sahani ndogo: kipande cha samaki aliyepoa, wali kidogo, maharage, nusu ya limau, na kijiko cha mbao. Mama Upawa alikamulia limau akaonja. Tuseme ukweli, hakusikia utamu. Chuma kilikuwapo bado, ingawa limau lilikisukuma kando. Lakini alijua chakula hicho ni kizuri, kwa kuwa alimjua aliyekipika, na hilo lilimtosha. Akatafuna. Akameza. Akatia kijiko tena. Mafundi walijifanya wanakula, ila hakuna aliyeondoa macho kwake mpaka sahani ilipobaki miiba. Msimamizi wa gundi ndiye aliyeanza kugonga meza kwa kiganja, na ukumbi wote ukamfuata.

"Nyamazeni mle!" Mama Upawa aliwafokea huku analia. "Chakula kinapoa!"

Siku hiyohiyo, mbele ya jiko zima, alitangaza kwamba kuanzia sasa sufuria itaonjwa na Kidoti, na atakayebisha abishane na upawa. Tangu hapo jiko lilimpikia yeye kama lilivyowapikia wengine. Mumewe alifika kila jioni kuchukua kikapu, akageuka mjumbe mwenye saa, anayemgongea mkewe mlango wa chumba kila baada ya muda mfupi: yai sasa, maziwa baadaye, karanga za kusaga kabla ya kulala. Wifi alinuna kidogo kusikia vidonge vimefungiwa kabatini, halafu akafunga kibwebwe akawa yeye ndiye mnunuzi wa samaki, akichagua mmoja mmoja na kuwatazama machoni kama anayewasaili. Zipo siku ambazo chakula kilirudi juu. Siku hizo Mama Upawa alitapika, akasukutua, akaomba kingine.

Kliniki ilipofika, alipanda kwenye mizani amefumba macho.

"Hujapungua, mama," muuguzi alisema. "Umeongezeka. Si sana, lakini umeongezeka."

Daktari akatazama vipimo vya damu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini. Dawa itatolewa, kipimo kamili. Mumewe, yule mtu wa maneno machache, alitoka hadi barazani akampigia simu Kidoti, na kelele zilizotoka kwenye simu hiyo ziliwafanya wagonjwa kwenye foleni wageuke.

Baadaye Mama Upawa aliketi kwenye kiti kirefu cha chumba cha dawa, mrija umeingia mkononi, tone moja likifuata jingine. Mchana ulipofika alifungua kibakuli chake. Mwanamke aliyelala kiti cha jirani, mwalimu mwenye macho yaliyochoka, naye ana mrija kama wake, aligeuza kichwa.

"Nimesikia wewe ndiye mpishi mkuu wa kiwanda cha viatu. Una bahati. Angalau wewe unajua kujipikia."

Mama Upawa alicheka kile kicheko chake cha zamani, muuguzi akachungulia kuona kuna nini.

"Kujipikia? Mwalimu, ningeendelea kujipikia, leo kiti hiki kingekuwa kitupu." Alimega samaki, akamwekea mwenzake kipande kwenye kifuniko, akamsogezea na limau. "Hiki wamepika wanangu. Mimi niliwafundisha, na sasa wao ndio wananiweka hai. Onja uniambie kama kuna mpishi hapa mjini anayewafikia."

Mwalimu akaonja. Macho yake yakafunguka kidogo, akanyoosha mkono kuomba kipande cha pili, naye Mama Upawa akampa, huku akijaa fahari ambayo sifa zote za dirishani hazikuwahi kumpa. Alikuwa amelisha watu maisha yake yote kwa mikono yake, na uhai wake ukaja kuokolewa na mikono ya wengine, kwa maana hata awe bingwa kiasi gani, mganga hajigangi.